Viganja vya Ketaki

Usinibishie, haya yalimkuta shoga yangu Vasundhara, aliyeolewa Nagpur na mgane. Sebule yao ilikuwa giza, na ukutani zilibaki alama nyekundu za viganja alizobandika marehemu Ketaki, mke wa kwanza, siku alipoingia bibi harusi, kama desturi yao, kabla jiko halijamlipukia.

"Mama, tupake njano ya limau?" Vasundhara akamuuliza mama mkwe.

"Yoyote, mradi imfute!" mama mkwe akafoka. "Kwani kufa hakujamtosha?"

Jioni, mafundi wa rangi walipomaliza na kuondoka, mama mkwe yuko jikoni, umeme ukakatika. Vasundhara akasikia viganja vikipiga ukuta, pa, pa, pa, kuelekea jikoni. Komeo likalia.

Umeme uliporudi, ukuta ulikuwa njano tupu. Viganja vyekundu, vibichi, vilikuwa kwenye mlango wa jikoni, juu ya komeo la nje.

"Nifungulie, Ketaki!" mama mkwe alilia ndani. "Siku ile nilipokufungia humu, nilitaka kukutisha tu!"

Vasundhara akakimbilia komeo alifungue. Lilikuwa la moto.