Mnyororo Ulioshiba Grisi

Watu walimwita Baba Unga. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na kila jioni alirudi nyumbani akiwa mweupe hadi nyusi. Mke wake, muuguzi wa zahanati, alikuwa hachoki kumtania.

"Karibu, mzee wa mvi za kuazima!"

"Zicheke tu, mama. Mvi hizi ndizo zinazotulisha."

Kabla hata ya kunawa, Baba Unga alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya mke wake. Ilikuwa baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana na gia nyingi. Muuguzi aliipanda kila asubuhi kwenda kuwahudumia wagonjwa wasioweza kushuka mlimani. Baba Unga hakuwa mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake yote aliyamalizia kwenye mnyororo. Alichota grisi nzito aliyopewa kazini, akaipaka juu ya ile ya jana. Hakuwahi kuufuta mnyororo hata mara moja.

"Haya, umeshiba sasa," aliuambia, kisha akaenda kuoga.

Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Mwaka uliopita alimshoneshea mkewe suruali nzuri ya rangi ya maziwa, ya kupandia baiskeli hiyo hiyo. Mkewe aliipokea kwa shangwe, akaikunja, akaitia sandukuni. Tangu hapo ilikuwa sketi nyeusi, suruali nyeusi, basi. Baba Unga aliumia, akaendelea kupaka grisi.

Siku moja muuguzi alirudi akiikokota baiskeli. Goti lilikuwa linavuja damu.

"Pole, mama! Kumetokea nini?"

"Mnyororo umeruka kwenye mwinuko. Nimekanyaga kwa nguvu, pedali ikazunguka bure, nikaanguka chini puu!"

Baba Unga alimwosha goti taratibu.

"Mlima uache," alisema. "Omba kazi ya kukaa zahanati."

"Na yule bibi mwenye kidonda cha mguu? Kisiposafishwa, mguu utamwoza. Nani atamfikia?"

Baba Unga alikuna kichwa, unga ukamwagika.

"Basi labda grisi ilikuwa kidogo," alisema, na mkono ukaanza kutafuta kopo.

Mkewe aliudaka mkono huo. "Hapana, baba. Twende kwa Bi Spana."

Bi Spana alikuwa jirani yao, fundi wa baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja, na magurudumu yalining'inia darini. Aliinama, akaupitisha kidole kwenye mnyororo, akakitazama.

"Shemeji, huu ni mnyororo au lami? Nani anayepaka haya madude?"

"Mimi ndiye ninayeipanda," muuguzi alijibu haraka.

"Sikuuliza nani anapanda, dada."

Baba Unga alitamani ardhi immeze. "Ni mimi. Nilidhani ninamtunza."

Bi Spana alicheka, lakini si kwa ubaya. Alimwekea grisi ile katikati ya vidole. "Sugua. Unasikia nini?"

"Inakwaruza. Kama mchanga."

"Ni mchanga huo. Grisi nzito inashika vumbi, na vumbi linasaga chuma. Mchana unasaga nafaka, shemeji, jioni unamsagia mkeo mnyororo. Tena bure!"

Hata muuguzi alishindwa kujizuia, akacheka.

"Mnyororo unadumu muda gani, hasa?" Baba Unga aliuliza.

"Huu wa milimani, kilomita elfu moja na nusu, pengine elfu tatu. Tope na miinuko vinaumaliza mapema. Ukitunzwa vizuri, unakwenda zaidi. Lakini usikisie. Upime."

Bi Spana aliufuta mnyororo, akachukua rula ya chuma. "Mnyororo ukilika, unarefuka. Uvute ukaze. Weka sifuri katikati ya pini moja. Ukiwa mpya, kwenye inchi kumi na mbili kamili utakuta katikati ya pini nyingine. Sasa angalia. Kila inchi hapa ina vijistari kumi na sita. Pini ikipita inchi kumi na mbili kwa kijistari kimoja, badilisha mnyororo. Wako umepita viwili."

"Maana yake?"

"Tumechelewa. Umeshayala na meno ya gia za nyuma. Nikifunga mnyororo mpya peke yake, utaruka vile vile. Tubadilishe vyote viwili. Ungekuja mapema, meno yangepona."

Alipomaliza kufunga, alimpa Baba Unga kichupa cha mafuta mepesi na tambara.

"Safisha kwanza. Kisha tone dogo kwenye kila kiungo, uzungushe pedali, usubiri kidogo, ufute. Ufute hasa! Mafuta yanatakiwa ndani ya kiungo. Ya nje ni ya kukusanyia vumbi."

Baba Unga alibadili mwendo. Kopo la grisi lilirudi kazini kwake. Alinunua rula ya chuma, akaitundika ukutani, akawa anapima mnyororo kila mwisho wa mwezi, akikunja uso kama daktari. Siku pini ilipofika kwenye kijistari cha kwanza, hakungoja kuambiwa. Alikwenda kwa Bi Spana, ukabadilishwa mnyororo peke yake. Meno yalikuwa mazima. Na kule mlimani, kidonda cha bibi kilifunga. Sasa bibi alimsubiri muuguzi mlangoni, amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Asubuhi moja muuguzi alitoka chumbani kavaa suruali ya rangi ya maziwa. Baba Unga alibaki mdomo wazi.

"Kumbe unaipenda?"

"Niliipenda tangu siku ya kwanza. Lakini grisi yako ingeimaliza kwa safari moja tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Ulikuwa unapaka huku unatabasamu."

Jioni Baba Unga alimngojea nje, mweupe kama kawaida. Mkewe alipofika, Baba Unga alipiga magoti, akaukagua mguu wa suruali. Hapakuwa na doa hata moja. Alisimama kwa furaha, akamkumbatia na unga wake wote.

"We, baba! Utanichafua!"

Waliitazama suruali. Juu ya rangi ile ya maziwa, unga haukuonekana kabisa.