Meno Ambayo Hayajachongwa

Jirani yetu ni fundi wa meno bandia, na hasira zake mtaa mzima unazijua. Anafanyia kazi nyumbani: meza, kompyuta, mashine ya kuchonga, na kisanduku cheusi cha diski kinachotunza michoro ya vinywa vya wateja wake wote, fizi kwa fizi. Kisanduku alikiweka chumba cha nyuma, chumba cha mama mkwe wake, wiki moja tu baada ya kumzika. Alisema kule hakuna joto.

Tangu siku hiyo diski zikawa zinakatika mawasiliano na kompyuta. Saa nane mchana, watu wakimaliza kula, kompyuta inaandika: diski hazipatikani. Kazi iliyokuwa wazi inapotea. Fundi akatukana, akaunganisha. Kesho yake tena. Akakipa kisanduku anwani ya kudumu kwenye ruta, kile kifaa cha mtandao, isije ikawa kinabadilishiwa namba. Akaizuia kompyuta isilale. Akaandika amri ya kuunganisha upya yenyewe. Akaleta waya mpya. Wapi! Saa nane ikifika, diski hazipo.

Basi akamgeukia mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Maana mume alikuwa na kinyongo, na kwa kweli alikuwa na haki nacho. Mama yake alipimwa fizi akiwa hai, akaahidiwa meno, akaambiwa kesho, kesho, miezi minane. Mchoro wa meno ulikamilika kwenye kompyuta. Meno hayakuchongwa. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mkwewe? Wateja walitangulia, na bibi wa watu akazikwa na fizi tupu. Mimi nikikumbuka bado nakasirika.

"Toa mkono wako kwenye waya wangu," fundi alimwambia mumewe mezani.

"Sijaugusa."

"Mwongo mkubwa wewe."

Mume akaweka kijiko chini. "Ukinishutumu tena, naondoka."

Alimshutumu tena siku ya pili, mbele ya mteja. Asubuhi iliyofuata mume alichukua mkoba akaenda kwa dada yake, na fundi akamsindikiza kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Nenda, alimwambia, sasa tuone kama zitakatika.

Saa nane ikafika, zikakatika.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Fundi alisimama. Akaenda chumba cha nyuma. Akauvuta waya. Ulikuwa umetafunwa. Mate yalikuwa bado mabichi.

Panya, alijisemea. Lakini meno ya watu ndiyo kazi yake. Akazipima zile alama. Yalikuwa meno ya mtu, yenye mwanya mbele. Akachomeka waya mwingine, akafungua mchoro wa mama mkwe. Mwanya aliuomba bibi mwenyewe, kama ule aliokuwa nao usichanani. Vipimo vilikuwa sawa, jino baada ya jino. Meno yale hayakuwahi kuwepo duniani. Yalikuwa ndani ya diski tu.

Akampigia mumewe simu. "Rudi," alinong'ona. "Si wewe."

"Najua si mimi. Na meno ya mama?"

Simu ikakatwa.

Fundi akawasha mashine huku analia kwa hasira, hajui anamkasirikia nani: mume, marehemu, au yeye mwenyewe. Jua lilipozama meno yalikuwa tayari. Akayaweka kwenye glasi ya maji kando ya kisanduku, akafunga mlango. Kesho yake saa nane ikapita. Saa tisa. Saa kumi. Diski ziko palepale.

Saa kumi na moja mume akaja, mkoba begani. Akayatoa meno kwenye glasi. Uso ukamvimba.

"Umeyachonga lini?"

"Jana mchana."

"Mchana mmoja." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Miezi minane tunampondea mama chakula, kumbe ni kazi ya mchana mmoja."

Mume akayageuza meno kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya magego. "Na haya kayavaa nani?"

"Hakuna. Ni mapya."

Mume akamsogezea ayaone. Magego ya kulia yalikuwa makali, kama yalivyotoka kwenye mashine. Ya kushoto yalikuwa yamelika, laini, kama ya mtu aliyeyatafunia miaka.

"Mama alikuwa anatafunia kushoto," mume alisema. Akayafunga kwenye leso, akayatia mkobani, akatoka. Mkoba wenyewe hakuwa ameutua.