Hamri Lililofura

Kila asubuhi nyumbani kwao Kisauni, mama yake Kuluthum husukuma unga, hukata mahamri na kuyatosa katika karai la mafuta. Yanayofura vizuri huuzwa pale mlangoni. Yanayogoma kufura ndiyo chakula cha asubuhi cha Kuluthum na mdogo wake, Hussam. Kazi ya Kuluthum ni kuyapanga mahamri kwenye sinia. Mama huita, "Kuluthum!" naye huitika, "Abee, mama!" akaja mbio.

Siku moja mama aliita, asiitikiwe. Akaita tena.

"Nini?" sauti ikatoka chumbani.

Hussam akaacha kutafuna. Katika nyumba ile hapakuwa na aliyewahi kumjibu mama "nini".

Mama hakugomba. Alimpelekea bintiye maji ya moto ya kuoga.

"Sitaki. Ya baridi yanatosha."

Akampikia chai ya maziwa yenye iliki, ile ya sikukuu. Kuluthum akakaa jamvini, mikono kaifumbata kifuani, mpaka chai ikaota utando. Mwisho mama akaopoa hamri kubwa kuliko yote, la kuuza, akamwekea mbele yake.

"Wallahi leo Idi!" Hussam akasema. "Lakini mama, dada amefura kuliko hamri lake. Mweke kwenye sinia, wateja wamnunue!"

"Nyamaza wewe! Na mashindano ya leo shuleni siendi. Wamtafute mtu mwingine wa kughani shairi lao!"

Mama akashtuka. Shule nzima ilimtegemea Kuluthum siku hiyo. Akaketi mbele yake, mikono imejaa unga.

"Mwanangu, hamri likifura, ndani huwa na nini?"

"Mvuke tu."

"Basi lipasue utoke. Ukiling'ata hivyo hivyo litakuunguza."

Kuluthum alitaka kukataa hata hilo. Lakini harufu ya iliki ilikwisha kumfika, na tumbo halijui kununa. Akalipasua. Mvuke ukampanda usoni. Akamega, akachovya, akatafuna. Tonge la pili lilipoteremka na chai, mabega yake yakalegea, na machozi yakamtoka.

"Uliahidi kuja shuleni jana kunisikiliza kwenye mazoezi ya mwisho. Wazazi wa wenzangu wote walikuja. Mimi nilikuwekea kiti, kikabaki kitupu. Sasa waniletea chai ya sikukuu! Sikutaka hamri, mama. Nilikutaka wewe!"

Mama akainamisha kichwa. "Jana nilishikwa na mahamri ya hitima ya watu waliofiwa, kisha nikaona haya kukwambia. Nikadhani chai tamu itanisemea."

"Haikusema," Kuluthum akajibu.

"Kweli. Chai na maji ya moto hupasha moyo joto, na moyo ukipata joto mdomo hufunguka. Lakini neno lenyewe lazima mtu aliseme, tena kwa adabu, kabla halijafura ndani. Wewe ulinijibu 'nini' badala ya kuniambia. Na mimi nilipika badala ya kusema."

Kuluthum akapangusa machozi, akainua kidevu. "Leo nitakwenda. Nitaghani hata kiti chako kikiwa kitupu tena!"

Mama akainuka, akalizima jiko na unga ungali umebaki.

"Kuluthum!"

"Abee, mama."

"Niwekee kiti kile kile. Nisamehe, mwanangu."