Mgomba Uliovikwa Sanda

Jua lilikuwa linashuka Aboubakar alipoingia nyuma ya nyumba ya mama yake na panga mkononi, kukata mgomba. Kazi ya dakika tano tu. Alihitaji maiti ya filamu yake, na maiti aliyekuwa naye alikuwa ametoroka.

Maiti huyo alikuwa Djuma, fundi baiskeli. Mwanzo wa wiki alikubali kuigiza. Jioni hiyo alipoiona sanda tu, akarudi kinyumenyume.

"Patron, miye kulala mu sanda niko muzima? Hapana. Tafuta mungine."

Washenzi, Aboubakar alisema moyoni. Siku hizi alikuwa na neno hilo kwa mji mzima wa Kindu. Alisoma Kinshasa miaka miwili, akarudi na kamera moja ya mkopo na kitabu kimoja cha kale cha Wazungu, kisicho na jalada, kuhusu kitu kilichoanguka kutoka ng'ambo ya nyota, kikalala chini ya bahari, kikingoja. Bahari akaifanya mto wao, Lualaba. Meli akaifanya mtumbwi. Na kitu chenyewe, kile cha kutoka ng'ambo ya nyota, kilikuwa mipira ya baiskeli thelathini kutoka kwa huyo huyo Djuma, imepakwa mawese ipate kung'aa. Mwenye macho acheke. Aboubakar hakucheka.

"Hiki njo kitu cha kutisha watu wenye akili," aliwahubiria wenzake wa filamu. "Kitu chenye hakitujue hata kidogo. Si hawa walozi wenu wenye kujua jina ya kila muntu."

Mgomba ulipoanguka, mama yake alitokea mlangoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Assani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ingawa mwanawe huyo alipotea mtoni tangu vita.

"Abou. Unakata ile ya nini?"

"Ya filme, mama. Itakuwa maiti."

"Utaifunga mu sanda?"

"Nitaifunga."

Mama akakaa kwenye kizingiti, polepole. "Assani iko na wake," alisema. "Muntu moja, mugomba moja."

Mwaka ule wa vita mji ulizingirwa, watu wakala majani na mizizi. Assani alikuwa na miaka kumi na saba, Abou kumi na mmoja. Walivuka kutafuta muhogo, na wakati wa kurudi, jua likizama, risasi zikalia na mtumbwi ukapinduka. Abou akafika kwenye matete. Kutoka majini akasikia kaka yake anamwita.

"Abou…"

Tena. "Abou…"

Watu wa mto wana sheria yao: ukiitwa kutoka majini saa ya magharibi, usiitike mpaka mara ya tatu, maana aliye hai huita mara tatu. Abou akangoja ya tatu. Haikuja.

Nyumbani alisema, "Hakuita. Alizama tu." Uongo huo ulikaa kooni mwake zaidi ya miaka ishirini. Ndiyo maana alizidharau sheria zote za mto. Alizidharau kwa sababu alizitii.

Mwili haukupatikana. Wazee wa ukoo wa mama wakakata mgomba wenye kimo cha Assani, wakauvika sanda, wakaunong'oneza jina lake, wakauzika nyuma ya nyumba. Shehe alikataa kuja. Mama akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ifunge, basi, kama kichwa yako ni ngumu," mama alisema sasa. "Lakini hapana ipatia jina. Ukiita jina yenye iko na kaburi yake, ni nani atakuja?"

Aboubakar akabeba mgomba wake begani, akaenda zake.

Ufukweni mwanga ulikuwa unakwisha. Gisèle, mpiga picha wake, alishika kamera na kuvaa spika za masikioni, kwa sababu mtu wa sauti hakuwepo na hakuwahi kuwepo. Aboubakar akavaa joho la kuhani, ambalo jana lilikuwa pazia. Kitabu kilitaka kuhani amtaje kafara kwa jina kabla ya kumtupa.

"Patron," Djuma aliita kutoka mbali, "hapana sema jina."

Hilo ndilo lililomchoma. Fundi wa kuziba pancha anamfundisha kazi! Haya, leo watamjua. Akainama juu ya sanda, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Jina yako ni Assani. Enda."

Akausukuma.

Mgomba huelea. Kila mtoto wa Kindu anajua, maana ndio anaojifunzia kuogelea.

Ulizama.

Ulizama wima, kama mtu aliyevutwa mguu. Hata povu halikutoka. Vyura wakanyamaza. Ikaja harufu ya utomvu wa mgomba… na nyuma yake harufu nyingine, ya baridi kavu, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinusa.

Gisèle akainua mkono. "Iko muntu mu maji," alinong'ona.

Aboubakar akampokonya spika, akazivaa.

"Abou…"

Kimya.

"Abou…"

"Ujibu basi!" Gisèle alisema, maana sauti ilivuja hadi kwake.

Hakujibu. Mtu mzima mwenye ndevu, msomi wa Kinshasa, alisimama ndani ya pazia lake akingoja mara ya tatu. Haikuja.

Kesho yake, jua likizama, alifungua kompyuta sebuleni. Alitaka kuifuta sauti ile kabla mama hajaisikia. Ulikuwa wito ule ule wa mwaka wa vita; mama angeitambua, na angejua kwamba siku ile Abou aliitwa. Spika za masikioni Gisèle alikwisha kuzitupa mtoni na kurudi kwao. Aboubakar akashusha sauti mpaka chini kabisa, akabonyeza.

"Abou…" ikasema kompyuta. "Abou…"

Mwiko ulianguka jikoni.

Mama alisimama mlangoni, mikono ina sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akipika. "Ile ni Assani."

"Mama, ni filme…"

"Alikuita. Mara mbili. Na wewe ulituambia hakuita."

Alimtazama kama mtu aliyekanyaga kitu njiani. Aboubakar alishindwa kuinua macho. Alinyoosha mkono azime, akakuta rekodi imekwisha. Kompyuta ilikuwa kimya.

"Mama…"

Sauti hiyo ilitoka nje. Nyuma ya nyumba, pale kwenye kisiki cha mgomba alioukata.

"Mama, hapana jibu!" Alimshika mkono. "Ulisema mwenyewe! Assani iko na kaburi yake!"

"Leo wewe njo utanifundisha kujibu?"

Akauvuta mkono wake. Akageukia mlango wa nyuma, akafungua.

"Karibu, mwanangu."

Filamu haijaisha hata leo. Djuma hapiti tena mtaa ule. Mama Assani amenawiri, anaimba jikoni, na kila jioni anapakua sahani tatu. Ya tatu anaipeleka nyuma ya pazia, lile lililokuwa joho. Inarudi tupu. Sakafu ya pale haikauki, na nyumba nzima inanuka utomvu, na ile baridi kavu ya ufukweni.

Jana, mama alipotoka kuchota maji, pazia lilisogea.

"Abou. Mbona hukuitika?"

Sauti ilikuwa ya Assani, na kikohozi kidogo mwishoni, kama alivyozoea tangu utoto. Aboubakar alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kilio. Alikuwa tayari kupiga magoti na kuomba msamaha. Lakini swali liliulizwa polepole, bila haja ya jibu, kama mtu anayemgeuza mende kwa kijiti aone kama bado yu hai. Ilikuwa dharau tupu.

Assani, maisha yake yote, hakuwahi kumdharau mtu.