Bunda Kwenye Jani la Mgomba

Kagwiria aliinama juu ya bunda lililofungwa kwa jani la mgomba, akalinusa. Mwanamume aliyekuwa upande wa pili wa meza naye akainama kulinusa bunda hilo hilo, na nusura wagongane vichwa.

Hapo ni ndani ya soko la Chow Kit, Kuala Lumpur, asubuhi, watu wakisukumana kati ya meza za samaki na mafenesi. Mama muuzaji, hijabu yake ya manjano, aliwatazama akacheka. Ndani ya bunda mlikuwa na majani ya tambuu tu. Lakini niambie wewe, ni watu gani wengine duniani wakiona jani la mgomba limefungwa kwa kamba hukimbilia kunusa? Kwao Kenya, miraa na muguka, majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, hufungwa hivyo hivyo.

"Wewe ni wa Meru," Kagwiria akasema kwa Kiswahili, hata salamu hakutoa.

"Embu. Runyenjes. Naitwa Njuki."

"Basi ulikuwa unatafuta muguka."

"Na wewe miraa. Tusichekane, dada."

"Muguka ni chakula cha mbuzi."

"Ndiyo maana mbuzi wetu hawalali," Njuki akajibu, na Kagwiria akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege.

Siku yake ya kwanza ilikuwa imeishia chumbani, akila biskuti na kuogopa kuvuka barabara. Karani wa benki mjini Meru, mzaliwa wa Kanyakine, peke yake katika mji ambao hata lifti haina ghorofa ya nne, wameandika 3A kwa kuogopa nuksi. Na likizo yenyewe ilikuwa ya harusi. Mwaka uliopita mwanamume mmoja alipeleka kwa baba yake bunda la miraa teule, ile Wameru huiita ncoolo, ya kuomba mke. Baba akalifungua, wazee wakatafuna, siku ikapangwa. Kisha bwana harusi akahama, na simu yake ikawa haishikwi. Kagwiria alilia mpaka akachoka, halafu likizo aliyoombea harusi akaifanyia safari. Akajiapiza kwamba bunda la mwanamume halitamchezea tena moyo.

Njuki alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai kwao Embu, ameletwa kwa mafunzo yaliyokuwa yakiishia wiki hiyo. Kila jioni alikuja na shati lake la kazi lililopauka, akamkuta Kagwiria kwenye ngazi za hoteli, gauni la buluu na raba nyeupe. Walikula wali wa nazi, wakajikinga mvua chini ya paa za maduka wakisimuliana habari za Kanyakine na Runyenjes, wakanywa kibandani chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu hadi itoe povu.

"Hawa wameharibu majani," Njuki alinung'unika.

"Kunywa wewe. Umekuja kukagua?"

"Nikikukagua wewe utakasirika?"

"Jaribu uone."

Asubuhi simu ya Njuki ndiyo iliyomwamsha. "Mrembo, umevuka barabara peke yako leo?" "Bado nimelala, bana." "Basi vuka kitanda kwanza." Moyo wake ulikuwa umeanza kupenda, na yeye alijua.

Siku ya Njuki kuondoka, alifika mapokezi na kitu mgongoni. Akakitoa mbele ya wageni wote: bunda la tambuu, jani la mgomba, kamba, na ua jekundu juu.

"Zawadi yako. Ukumbuke pua zetu."

Kagwiria alilishika kwa mikono miwili. Uso ukamlainika. "Njuki, unajua hii ni nini?"

"Ni tambuu, Kagwi. Mzaha tu."

Akaliweka bunda juu ya meza ya mapokezi, akaingia kwenye lifti bila kuaga.

Njuki alipiga simu mara nyingi. Iliposhikwa, alikuwa tayari uwanja wa ndege.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Kwetu bunda ni mtu kuomba mke. Niliwahi kuletewa, na mwenyewe akatoroka. Leo wewe unaniletea bunda la kuchekesha watu."

"Sisi tunapeleka mbuzi na pombe ya asali. Aki sikujua."

"Najua hukujua, na ndiyo inauma. Kwa ile dakika moja nilidhani unajua. Nilifurahi, Njuki. Halafu ukasema ni mzaha."

Abiria wakaitwa. Njuki akaanza kusema kitu, simu ikakatika.

Baada ya hapo mji ukamzoea Kagwiria. Alivuka barabara bila kuogopa, akapanda treni akashuka alikotaka. Ila kwenye kile kibanda cha chai aliagiza vikombe viwili, akabaki akikitazama cha pili kikipoa. Njuki hakupiga simu tena, na kimya cha namna hiyo Kagwiria alikuwa amekwisha kukionja.

Jumapili jioni, akila wali kwenye ngazi za hoteli, simu ikaita. Ni baba yake, Mzee Mbae, kutoka Kanyakine.

"Kagwiria, kuna kijana hapa na mjomba wake. Anasema aliuliza njia kuanzia barabarani mpaka kwangu. Ameleta bunda."

Kijiko kikabaki hewani. "Ni wa wapi?"

"Runyenjes."

"Ameleta muguka?"

"Miraa. Nzuri sana. Na mbuzi pia, sijui wa nini." Mzee akakohoa. "Mara ile nilikuwa na haraka, nikafungua kabla ya kukuuliza. Hili nimeliweka mezani. Halifunguliwi mpaka useme."

"Mpe simu."

Kagwiria akasikia jogoo, mlango, halafu pumzi aliyoijua.

"Njuki, ulisema ni mzaha."

"Lile, ndiyo. Hili nimelipakata kutoka soko la miraa la mji wa Maua mpaka hapa, hata kwenye gari sikuliweka chini. Sikupiga simu kwa sababu maneno umeshapewa mengi. Ukikataa nitalibeba nirudi nalo, na sitakulaumu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ni desturi ya kwetu. Nilitaka pande zote mbili zijue."

Machozi yakamtoka Kagwiria, mama wa kibanda cha jirani akimwangalia, na hakujali.

"Mrudishie Baba simu."

"Kagwi, umesema nini?"

"Nimesema mrudishie Baba simu."

Simu ikarudi kwa mzee.

"Baba," alisema, "fungua."

Hakukata simu. Alisikia kisu kikikata kamba, kisha jani la mgomba likipasuka polepole.