Majina ya Kona ya Chini

Jumamosi ile, saa kumi na moja jioni, Mwalimu Notburga alisimama kwenye lango la bustani ya zamani pale Mbamba Bay, raba miguuni, akiwasubiri watembeaji. Bustani ilipandwa enzi za Wajerumani: mikangazi minene, kisima cha mawe, njia zinazoteremka mpaka ziwani. Kila wiki aliwazungusha watu humo akiwasimulia historia ya mahali pale, na kiingilio chao kilinunua waya wa uzio ili bustani isimegwe.

Ila jioni ile hakuwa na raha. Asubuhi ya siku hiyo mwenyekiti wa kamati ya bustani, mzee Xaveri, alimvuta pembeni.

"Mwalimu, kona ya chini usiwapeleke tena. Wala usiitaje."

"Kuna nini, mzee?"

"Patajengwa nyumba ya wageni. Tumeshakubaliana."

Notburga alikuwa mgeni pale, Mmatengo wa Kitura, mtu wa milimani. Kinyasa, lugha ya hapo ziwani, hakukijua zaidi ya salamu. Angembishiaje mzee?

Walikuja watu tisa. Kati yao mama Tadea, muuza dagaa wa usipa, na katekista Alphonce, ambaye kila jambo hulirekodi kwenye simu. Wakatembea, wakauliza, wakacheka. Jua likazama ng'ambo ya ziwa. Wakafika njia panda: moja inapanda barabarani, nyingine inashuka kona ya chini.

Notburga akashika ya kupanda. Haraka haraka.

Nyuma yake mtu akakohoa.

Kikohozi kikavu... cha mtu aliyekaa na kiu siku nyingi.

Akageuka. Mkiani mwa msafara alisimama mwanamke, kitenge kimemfunika mdomo. Hakumkumbuka langoni.

"Mwalimu," akanong'ona, "mbona huku hatupiti?"

"Kumefungwa, mama."

"Kafunga nani?"

Notburga akafungua mdomo ajibu. Harufu ikamwingia puani... chokaa. Chokaa mbichi, iliyomwagiwa maji sasa hivi. Ikamkaba koo.

Akavuta pumzi.

Mara alikuwa langoni.

Giza limeshaingia. Miguu yake ina matope mpaka magotini. Watu tisa wamemzunguka. Mama Tadea kamshika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka.

"Kumbe wewe ni wa kwetu, mwanangu! Na hukutuambia."

"Nimefanya nini?"

Wakatazamana. Alphonce akawasha simu.

Sauti ilikuwa yake. Lugha haikuwa yake. Kinyasa cha kale, na ndani yake majina, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Ya wanaume. Ya wanawake. La mtoto wa siku tatu. Na baada ya kila jina, kishindo kidogo... kama udongo unaotua juu ya kitu laini.

Mzee Xaveri alikuwa amekuja kufunga lango. Akasikiliza. Akakaa chini palepale mchangani.

"Nani kakupa majina hayo?"

Notburga akatikisa kichwa.

"Ilikuwa ndui," mzee akasema. "Walizikwa pale kona ya chini, shimo moja, wakamwagiwa chokaa. Babu yangu alikuwa mmoja wa wachimbaji. Mpaka anakufa alikuwa akisema..." Akameza mate. "Akisema wengine walikuwa bado wanakohoa."

Jumatatu kamati ilikutana na habari ya nyumba ya wageni ikaishia hapo. Uzio ukazungushwa mpaka kona ya chini. Padri akaja, akawaombea waliolala pale. Sokoni kila mtu alimpongeza Notburga.

Lakini usingizi ulikuwa umemkimbia. Akamfuata mama Tadea kwenye chanja zake za usipa.

"Mama, mwishoni mwa ile sauti kuna maneno ambayo si majina. Yanasema nini?"

Mama Tadea aliendelea kugeuza samaki juani.

"Yaache, mwanangu."

"Mama, nakuomba."

Mkono ukasimama. Sauti ikashuka.

"Wanasema, 'Huyu ana pumzi. Tusimwachie.'"

Juma lilelile Notburga aliomba uhamisho. Siku hizi anafundisha darasa la pili kwao Kitura, katikati ya mashamba ya kahawa, mbali na ziwa. Anakula vizuri. Jumapili anaimba kwaya. Wazazi wanamsifu.

Juzi Mwalimu Jerome, wa darasa la jirani, alimsubiri nje kwenye varanda.

"Samahani, dada. Darasa lako lina watoto wangapi?"

"Thelathini na wanane. Kwa nini?"

Jerome alitazama ukuta unaotenganisha madarasa yao, kisha akamtazama yeye.

"Asubuhi ukiita majina," alisema taratibu, "ukiwamaliza hao... unaendelea."