Kisasi Ndani ya Gari la Papa Patrice

Kila siku akitoka shuleni, Rachida alifanya mambo matatu kabla ya kula: alivua sare, alinawa mikono, kisha alikwenda kuzikagua batri. Mama yake alipenda kumtania kwamba msichana huyu huwasalimu wagonjwa wa baba yake kabla ya kumsalimu mama mzazi. Baba yake, Papa Mansour, alikuwa fundi wa kuchaji batri mtaani Kikula, mjini Likasi. Mbele ya nyumba yao batri zilipangwa juu ya mbao tangu asubuhi hadi jioni: za teksi, za vinyozi, na za watu waliotaka kutazama mpira umeme ukikatika.

Rachida alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi aliijua. Alijua kwamba kibanio chekundu hufungwa kwanza, cheusi baadaye, na wakati wa kufungua cheusi ndicho hutangulia. Alijua kusoma mita. Alijua pia jambo ambalo madereva wengi hawakulijua, kwamba gari la hybride, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme, lina batri mbili. Kubwa husukuma gari, na haiguswi ovyo. Ndogo, ya volti kumi na mbili, imefichwa chini ya sakafu ya buti, nayo ndiyo huliamsha gari. Ndogo ikifa, kubwa haifui dafu. "Hii unaichaji polepole," baba yake alimfundisha. "Ukiipa umeme mwingi kwa haraka, umeiua."

Mtaani kulikuwa na gari moja tu la namna hiyo, la Papa Patrice, aliyebeba abiria kati ya Likasi na Lubumbashi. Kwa mwezi mmoja batri yake ndogo ilimfia mara tatu. Mara tatu Papa Mansour aliichaji, akairudisha mahali pake, akamshauri mwenye gari atafute kitu kinachokula umeme. Ushauri huo ulimchosha Papa Patrice. Mara ya tatu alisimama mbele ya wateja, akapaza sauti:

"Mansour, batri yangu ilikuwa mupya! Weye uliibadirisha! Ukanitilia ya zamani, yangu ukaiuzisha. Weye ni mwizi, basi, c'est tout!"

Papa Mansour alifungua kinywa kujibu, lakini mwenzake alikwisha kuingia garini na kuondoka.

Neno "mwizi" lilimaliza Kikula yote kabla ya jua kuzama. Kesho yake kinyozi hakuleta batri. Keshokutwa yake teksi mbili zilipita bila hata kupiga honi. Shuleni, Rachida alipoketi kwenye dawati, jirani yake Eddy aliukumbatia mfuko wake kwa mikono miwili.

"Muchunge bitu byenu!" alisema. "Mutoto wa mwizi wa batri amefika!"

Darasa zima likacheka. Rachida hakulia. Alitoa daftari lake, akalibamiza mezani. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba baba yake aliendelea kumsalimia Patrice njiani.

"Papa, juu ya nini unamupa mukono?"

"Kweli itatoka, mwanangu. Sheye tufanye kazi yetu."

Rachida hakutaka ukweli utakaotoka siku isiyojulikana. Alitaka Patrice aaibike, aaibike mbele za watu, tena wiki hiyo hiyo. Alipofagia alimfagia Patrice. Alipotwanga alimtwanga Patrice.

Jumamosi nafasi ikajileta yenyewe. Papa Patrice alipakia mizigo ya abiria wake wa saa nane mchana, akalipeleka gari kwa Ruphin, kijana mwosha magari aliyekuwa mwisho wa barabara yao. Lilipokwisha kuoshwa alilisimamisha likitazama ukuta, akaacha ufunguo ndani kama kawaida yake, akaenda kwenye matanga ya mtaa wa pili. Saa nne hivi Ruphin naye akachukua madumu, akaenda kuteka maji.

Rachida alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia. Mguu hakuuweka kwenye breki. Alibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, na dashibodi ikajaa rangi, lakini taa ya kijani ya kuonyesha kwamba gari liko tayari haikuwaka. Ndivyo alivyotaka. Batri kubwa ilikuwa imelala, na ndogo ilikuwa inalisha kila kitu peke yake. Akawasha na taa kubwa za mbele. Jua lilikuwa kali. Nani angeziona taa zinazomulika ukuta?

"Kunywa," aliliambia gari kwa sauti ya chini. "Kunywa yote, usibakize." Akafunga mlango, akaenda zake.

Asubuhi ile aliosha vyombo akiimba, mpaka mama yake akamuuliza leo ameamkia upande gani. Ilipokaribia saa nane, alinunua karanga za kutafuna, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara kama mtu aliyekuja kutazama mechi.

Na mechi ilianza vizuri. Abiria wanne walikuwa wamefika. Papa Patrice aliingia garini, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa dole gumba, akabonyeza kwa hasira. Alikwenda nyuma kutoa mizigo ili abiria wapande gari lingine, lakini buti lile hufunguliwa kwa umeme, na umeme haukuwepo. Jasho likamtoka. Rachida alitafuna polepole. Ilikuwa tamu, na sizungumzii karanga.

Kisha Papa Patrice akageukia watu waliokusanyika, akatupa mikono juu.

"Munaona? Munaona sasa, batu? Njo ile batri ya bwizi ya Mansour! Ni mara ya ine leo!"

Karanga zikamkwama Rachida mdomoni. Hilo hakuwa amelipigia hesabu hata kidogo. Aliyeiua batri ni yeye, lakini aliyezikwa nayo ni baba yake.

"Kumbe ni kweli," alisema Mama Gertrude, muuza vinywaji baridi, mteja wao mkubwa kuliko wote. "Minye nilikuwa ninakatala kuamini. Leo leo ninaenda kubeba batri zangu zote mbili."

Papa Mansour aliitwa, akaja na mita yake na batri ya kuazimia umeme. Watu walimpisha njia, lakini walimpisha vibaya, kila mmoja akishika mfuko wake. Alifungua boneti, akapima kwenye ncha ya chuma iliyowekwa huko mbele kwa kazi hiyo. Volti sita.

"Patrice, ilitoka kwangu imejaa," alisema taratibu. "Leo sijui ilipatwa na nini."

"Haujui! Fundi mukubwa haujui!" Watu wakacheka.

Rachida hakuwahi kumsikia baba yake akisema "sijui" juu ya batri. Kicheko kile kilimuuma kuliko kile cha darasani, maana hiki alikitengeneza kwa vidole vyake. Angenyamaza, Patrice angebaki na aibu yake ya saa moja, na baba yake angebaki mwizi maisha yake yote. Akavuka barabara.

"Ni minye," alisema. "Asubuhi niliingia mu motoka, nikawasha mataa. Nilitaka Papa Patrice apate haya. Lakini ni leo tu. Zile mara tatu hapana minye." Machozi yaliyokuwa yamekataa wiki nzima yakamwagika yote.

Mama mmoja mzee, abiria aliyekuwa na miadi kwa daktari wa macho kule Lubumbashi, alimtazama kwa mshangao.

"Mutoto," aliuliza, "na minye nilikukosea nini?"

Papa Mansour aliunga batri ya kuazimia, kibanio chekundu kwenye ncha ile, cheusi kwenye chuma cha gari, na buti likafunguka. Akatoa mizigo, akainua sakafu. Pale pale juu ya batri palikuwa na karatasi iliyogundishwa na muuzaji wa Lubumbashi: tarehe ya kuuzwa, na jina la mnunuzi. Patrice hakuwahi kuinua sakafu ile hata siku moja.

"Soma," Papa Mansour alimwambia.

Papa Patrice aliinama, akasoma jina lake mwenyewe. Batri ilikuwa ile ile.

"Basi nani aliimaliza zile mara tatu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ruphin alikuna kichwa. "Papa Patrice, quand même... Kila samedi kama leo, tukisafisha motoka, unatuachia muziki inaimba. Unabonyeza bouton, haukanyage hata breki."

"Voilà," alisema Papa Mansour. "Batri kubwa inalala, muziki yote inakula ndogo."

Papa Patrice alianza kuomba radhi kwa kunong'ona, lakini Mama Gertrude alimkatiza. "Ulimutukana kwa nguvu. Omba musamaha vile vile, kwa nguvu!" Akaomba kwa nguvu, mbele ya wote. Rachida alikuwa amepata alichokitamani wiki nzima, Patrice mwenye haya barabarani. Hakuweza hata kuinua macho amtazame, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama yeye pia.

Gari halikusafiri siku ile, kwa kuwa batri ndogo iliyokauka hivyo ilipaswa kuchajiwa polepole; jioni ililala juu ya mbao, ikipewa umeme mdogo. Rachida ndiye aliyeamriwa kukaa nayo, kuipima kila saa, na kesho kuirudisha kwa mwenyewe na kumwomba msamaha.

"Ulimulenga Patrice," baba yake alisema akiketi karibu naye. "Ulimupiga nani?"

"Weye, Papa. Na ule mama muzee."

"Patrice alishindwa na kale kakaratasi. Kisasi chako hakikumushinda. Sikia, mwanangu. Batu bakikuonea, usinyamaze. Minye mwenyewe nilikosea: ningeomba siku ile ile sakafu ifunguliwe mbele ya bote. Lakini ukianza kutazama kushoto na kuume, kuingia mu kitu cha bengine, kufanya na kukimbia, unafanya kazi ya mwizi. Balitusingizia jina. Weye ulitaka kuwapa na ushahidi."

Rachida aliinama, akapima tena. Mita ilionyesha volti kumi na moja na nusu, na ilikuwa ikipanda kidogo kidogo.

"Papa, ule mama muzee anakaa wapi?"

"Shituru, karibu na reli. Alibakia, motoka ingine ilijaa."

"Kesho nikitoka kwa Papa Patrice, nitaenda."

"Tutaenda bote wawili," alisema baba yake.